Parafujo Moja ya Shaba: Kamera za Mbao na Mafundi wa Nchi Yetu

Aghalabu tunapotaja historia ya upigaji picha katika nchi yetu, huwa tunataja majina ya waliopiga picha, na mara chache sana majina ya waliopigwa. Katika insha hii tunakusudia kuzungumza juu ya watu wa tatu, ambao hawatajwi kabisa: mafundi walioziwezesha kamera zenyewe kufanya kazi, mwaka baada ya mwaka, mbali na viwanda vilikotengenezwa. Mazungumzo yetu yanaanzia Mogitu, katika Wilaya ya Hanang, kwa sababu huko ndiko tulikolipata funzo hili, na tulilipata kwa ajili ya parafujo moja iliyopotea.

Ilikuwa mwaka 1983. Wilaya ya Hanang ilikuwa bado katika Mkoa wa Arusha, kwani Mkoa wa Manyara haukuanzishwa mpaka mwaka 2002. Tulikuwa tumekwenda kusaidiana na walimu waliokuwa wakiandika masimulizi ya wazee wa Kibarbaig na Kiiraqw, nasi tulipewa kazi ya kuwapiga picha wazee hao. Filamu za kamera ndogo hazikupatikana. Miaka ile, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba na bidhaa nyingi zilikuwa zimeadimika madukani. Tulichokuwa nacho ni boksi moja la karatasi za picha, pamoja na kamera kubwa ya mbao ya zamani tuliyoazimwa, ambayo tuliisafirisha ndani ya sanduku la bati juu ya basi, kwa barabara ya vumbi.

Kwa ajili ya wanafunzi ambao hawajapata kuiona kamera ya namna hii, yafaa tuieleze kidogo. Ina mbao mbili zinazosimama. Ubao wa mbele hushika lenzi, na ubao wa nyuma hushika kioo kilichosagwa uso wake kikawa na ukungu. Baina ya mbao hizo mna mvukuto wa ngozi uliokunjwa kunjwa, ambao huzuia mwanga usiingie isipokuwa kwa njia ya lenzi. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, akaitazama sura ya mtu katika kioo hicho ikiwa juu chini, miguu mbinguni na kichwa ardhini, akausogeza ubao mpaka sura iwe wazi. Kisha hukiondoa kioo na kuweka mahali pake bamba au karatasi inayoshika picha. Hakuna betri wala mtambo wa siri. Kila kitu chaonekana kwa macho, na kila kitu kimeshikwa na parafujo, bawaba na vipande vya shaba.

Basi tulipoifungua kamera hiyo Mogitu, ubao wa mbele ulianguka. Parafujo ya upande wa kulia, ile yenye kichwa kipana cha kukazwa kwa vidole, haikuwapo. Hapana shaka ilijifungua kwa mtikisiko wa njia na kudondoka kupitia tundu la sanduku. Mzee wa kwanza alikuwa amekwisha kuletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa kuwa hakuweza tena kutembea. Aliketi kivulini akitungojea saa nzima, kisha akarudishwa nyumbani kwake bila ya kupigwa picha. Hakusema neno la lawama, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Fikira yetu ya kwanza ilikuwa ile ambayo wasomi wengi wa wakati ule wangekuwa nayo: kuandika barua Uingereza. Tuliona kwamba kipande kilichotengenezwa huko hakina budi kutoka huko. Kabla hatujaeleza jinsi tulivyoiacha fikira hiyo, tunaomba msomaji arudi nyuma nasi, aone kamera hizi zilifikaje katika nchi hii na ziliishije humo.

Upigaji picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, na kabla ya kupita robo karne kamera ilikwisha fika pwani yetu. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Lakini Grant hakuendelea na kamera hiyo huko bara. Aliona kazi ni nzito mno, akashika penseli na rangi. Wala si ajabu. Zama hizo bamba la kioo lilipakwa dawa, likapigwa picha na kusafishwa likiwa bado majimaji, ndani ya hema la giza, katika joto letu hili. Mabamba makavu, ambayo Richard Leach Maddox alionyesha njia yake mwaka 1871, ndiyo yaliyomwezesha msafiri kupiga picha leo na kuisafisha baada ya miezi. Mwishoni mwa karne hiyo kulikuwako wapiga picha wenye maduka Unguja, wengi wao wakiwa wenye asili ya Goa, kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho. Dar es Salaam, katika utawala wa Wajerumani, walikuwako C. Vincenti na Walther Dobbertin.

Na huku kwetu Hanang? Oscar Baumann alipita nchi za Wambugwe, Wairaqw na Wamang'ati katika safari yake ya 1891 hadi 1893. Fritz Jaeger, mwanajiografia, alifika katika 1906 na 1907, na vitabu vyake viwili juu ya nyanda hizi vilitolewa mwaka 1911 na 1913. Mlima wetu, wenye urefu wa mita zaidi ya 3,400, uliitwa Gurui katika ramani za Wajerumani. Mizigo ya safari hizo ilibebwa na wapagazi, na desturi ya mzigo wa mpagazi mmoja ilikuwa ratili sitini hadi sabini. Kamera, miguu yake mitatu na makasha ya mabamba ya kioo yalifika chini ya Gurui juu ya vichwa vya watu. Nani aliikaza parafujo iliyolegea, nani alikausha mbao zilizolowa mtoni? Vitabu havisemi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilitoka mikononi mwa Wajerumani na kutwaliwa na Waingereza. Mabadiliko haya hufundishwa shuleni kuwa ni mabadiliko ya bendera, ya sheria na ya lugha ya ofisini. Yalikuwa vilevile mabadiliko ya hesi. Hesi ni ile mistari inayozunguka mwili wa parafujo. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake mwaka 1841, na viwanda vya Uingereza vikakifuata: inchi na sehemu za inchi, na mistari ikiwa na pembe ya digrii 55. Wajerumani walipima kwa milimita. Kwa hiyo kamera iliyotoka Dresden au Berlin ilikuwa na hesi moja, na duka la vifaa lililofunguliwa katika mji uleule baada ya vita liliuza hesi nyingine. Tunawaomba wanafunzi wasilidharau jambo hili. Ufundi mzima unaweza kukwama kwa tofauti ya robo milimita. Parafujo ya robo inchi ya Whitworth ina unene wa milimita 6.35 na mistari ishirini katika inchi moja, yaani hatua ya milimita 1.27. Parafujo ya milimita 6 ina hatua ya milimita moja. Ukiitia hii ya pili katika tundu la ile ya kwanza, itazunguka kidogo kana kwamba imekubali, kisha itakwama au itateleza, na ukitumia nguvu utakwangua shaba ya ndani na tundu halitafaa tena.

Pamoja na hayo, wapiga picha waliendelea na kazi. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, nayo ikadumu kwa miongo mingi. Katika miji ya Afrika Mashariki palikuwapo pia wapiga picha wa barabarani wenye kamera za sanduku, na hawa, kwa maoni yetu, wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Sanduku lenyewe liliweza kuundwa na seremala wa mtaani. Ndani yake mlikuwa na visahani vya dawa, na ubavuni mkono wa kitambaa wa kupitishia mkono wa mpiga picha. Alipiga picha juu ya karatasi, akaisafisha humohumo sandukuni, akapata sura ambayo nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Kisha aliiweka karatasi hiyo mbele ya lenzi na kuipiga picha yenyewe, ndipo sura ikawa sawa. Mtu alingoja dakika chache akaondoka na picha yake ya kitambulisho. Mpiga picha huyo hakuhitaji kiwanda cha ng'ambo ila kwa lenzi, karatasi na dawa. Yaliyobaki yalikuwa mbao, msumari na akili.

Kwake tulijifunza kutumia karatasi badala ya filamu. Na kama tungalimfikiria vizuri zaidi siku ile Mogitu, tusingaliwaza barua ya Uingereza.

Tulikwenda Katesh kwa fundi wa baiskeli. Hakuwa amepata kuona kamera ya mbao, lakini alitia kidole katika tundu la shaba, akalipapasa, akatoa kopo la bolti chakavu. Ya kwanza iliingia mizunguko miwili, ikagoma. Akaitoa polepole.

"Mwalimu," alisema, "hii ni ya mili, na tundu lako ni la inchi. Usiilazimishe, utaliua tundu."

Maneno hayo mawili, mili na inchi, yalikuwa na historia yote tuliyoieleza hapo juu, naye aliifahamu kwa ncha ya kidole. Alichimbua kopo lake mpaka akapata bolti ya robo inchi ya mashine kuukuu ya Kiingereza. Iliingia kama imezaliwa humo. Lakini kichwa chake kilikuwa kirefu chenye pembe sita. Hakikukazika kwa vidole, na kilizuia kamera isikunjike. Fundi akatushauri twende kwa wahunzi. Wao, alisema, wanajua shaba.

Hapa hatuna budi kusema machache juu ya wahunzi hao. Miongoni mwa Watatoga, ambao Wabarbaig ni tawi lao, uhunzi ni kazi ya ukoo wa Gidang'odiga. Watu hawa huzungumza lugha ileile na kuishi jirani na wenzao, lakini kwa desturi wafugaji hawakuoana nao. Mkuki wa mfugaji, kengele ya ng'ombe wake na bangili za mkewe vilitoka mikononi mwa mtu ambaye asingemwoza binti yake. Tunayasema haya si kwa kuwahukumu wazee, bali kwa sababu utamaduni wa taifa hauwezi kuandikwa kwa kuchagua mazuri peke yake. Kando ya Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kitatoga huwafulia Wahadzabe vyembe vya mishale, nao hulipwa kwa asali na vitu vingine vya porini. Zamani chuma na shaba vilitoka mbali kwa biashara. Baadaye vilitoka katika takataka za dunia ya viwanda: kufuli mbovu, koki za maji, misumari, vipuri vya magari.

Wilaya ya Hanang haikukosa takataka hizo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililima ngano katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada, katika mashamba makubwa yaliyochukua malisho ya Wabarbaig. Malalamiko ya kijiji cha Mulbadaw juu ya ardhi yalifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Mashine za kuvunia zilitoka ng'ambo, na vipuri vyake vilevile. Mashine iliyokosa kipuri kimoja ilisimama, na iliyosimama sana ikawa chuma chakavu. Mashamba hayo hayako tena chini ya shirika hilo. Bangili zilizofuliwa kwa shaba chakavu tumeziona mikononi mwa akina mama.

Mhunzi tuliyeelekezwa kwake alikuwa mtu wa makamo. Alikuwa ameketi mbele ya shimo dogo la makaa, na mwanawe akifanya kazi ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu na mkono huu. Tulimwonyesha parafujo ya upande wa kushoto, iliyobaki, tukamwomba atutengenezee nyingine kama hiyo. Aliigeuza geuza, akaturudishia bila ya kusema neno. Kisha akauliza:

"Kitu hiki kinashika nini?"

Tukamweleza. Akataka kuiona kamera yenyewe. Alipoufungua mvukuto wake wa ngozi alicheka, akamwita mwanawe aje autazame. Wa kwao huzuia upepo usitoke, na huu wetu huzuia mwanga usiingie, lakini mikunjo, mshono na gundi vilikuwa jambo moja, na tundu dogo ni adui wa yote miwili. Alitwambia bila ya kuulizwa kwamba kona mbili za ule wetu zilikuwa zimechakaa. Usiku, tulipotia taa ndani yake chumbani gizani, tuliziona nuru mbili kama ncha za sindano, kwenye kona zilezile.

Kuhusu parafujo, alisema hesi hawezi kuzifanya, na hana haja ya kuzifanya, maana bolti ya fundi wa baiskeli inazo. Kinachokosekana ni kichwa. Alihitaji shaba manjano. Hatukuwa nayo, isipokuwa kufuli ya sanduku letu. Tuliitoa. Akakikata kichwa cha ile bolti kwa tindo, akaipiga ncha yake alama za tupa ili shaba ipate pa kushika, akaisimamisha katika kalibu ya udongo. Kufuli yetu iliyeyuka ndani ya chungu kidogo kisichozidi ngumi ya mtoto. Akamimina. Ilipopoa alikisawazisha kichwa kikawa bapa na cha mviringo, akakichanja ukingoni mistari midogo kuzunguka, ili vidole visiteleze. Mistari hiyo haikulingana kama ya kiwandani. Ilifanana na mapambo ya bangili, na bila shaka ndiko ilikotoka.

Tangu siku hiyo tumezitengeneza kamera kadhaa za namna ile, na kila mara tumelianza swali kwa njia ya mhunzi. Kioo cha ukungu kikivunjika, huhitaji kukitafuta ng'ambo. Chukua vioo viwili vya dirisha, utie kati yake maji na unga mkali wa kusagia, au ile dawa ambayo mafundi wa gereji husagia vali za injini, usugue kwa mzunguko mpaka uso uwe na ukungu ulio sawa. Jambo la kuangalia ni moja tu: uso uliosagwa ukae upande wa lenzi, mahali palepale ambapo bamba litakaa. Ukiugeuza, picha zote zitafifia kwa unene wa kioo, na utailaumu lenzi bure. Mahameli meusi ya fundi cherehani huziba mwanga mdomoni mwa kishikio cha bamba. Njiti ya gurudumu la baiskeli hufanya kazi ya pini ya bawaba. Mbao iliyopasuka hubadilishwa kwa mninga, ambao haunywei wala haufutuki sana majira yakibadilika; hata Waingereza na Wajerumani walijua kuchagua msaji kwa kamera za nchi za joto, na kuongeza pembe za shaba kwa kuwa gundi huachia katika unyevu. Kilichotushinda kabisa ni pazia la kufungia mwanga la mpira na hariri, ambalo huoza. Tuliliacha, tukatumia kifuniko cha lenzi na kuhesabu kwa mdomo.

Inashangaza kidogo kwamba ile robo inchi ya Whitworth, iliyotusumbua sana, haijafa. Nchi yetu ilihamia vipimo vya metriki baada ya uhuru, lakini tundu lililo chini ya kamera mpya kabisa, hata zile za nchi zilizozaliwa na milimita, bado ni la robo inchi yenye mistari ishirini. Wakati huohuo kamera za mbao zenyewe huwekwa mahotelini kuwa mapambo, shaba yake ikiwa imeota kijani, na tukiuliza kwa nini haitumiki tunajibiwa kwamba vipuri vyake havipatikani.

Tuliondoka kwa mhunzi tukiwa tumelifunga sanduku letu kwa kamba. Yule mzee hatukumtaka aje tena kwa mkokoteni. Tuliibeba kamera mpaka bomani kwake. Aliketi juu ya kigoda, mgongo wake ukiegemea ukuta, kwa kuwa karatasi ya picha ni nzito kushika mwanga na ilimlazimu kutulia tukihesabu mpaka nne. Hakutikisika. Wajukuu zake walikuwa wengi mlangoni, nao walitikisika, kwa hiyo katika picha wao ni kama moshi na yeye ni kama jiwe. Alifariki kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata, na picha hiyo tuliwapelekea watu wake.

Mhunzi alikuwa amechukua fedha kidogo kwa kazi yake, akaomba na picha moja, siyo yake bali ya kiwanda chake chote: shimo, fuawe, mwanawe na mivukuto. Tuliipiga asubuhi tulipokuwa tukiondoka Mogitu. Kwa sababu ya kuhesabu mpaka nne ilibidi kijana aache kuvukuta, mikono yake ikabaki imetulia juu ya ngozi, na katika picha hiyo moto unaonekana kana kwamba umezimika.